Maji Ndani ya Bawa

Harufu ya petroli ya ndege haifanani na ya petroli ya gari. Ni kali zaidi, ina utamu fulani unaokaa kooni, na mwaka ule nilikuwa nayo kwenye nywele, kwenye sweta ya shule na hata kwenye kitabu cha nyimbo nilichokwenda nacho kanisani. Baba yangu alikuwa fundi wa ndege ndogo pale kiwanja cha ndege cha Kisongo. Kila Jumamosi alinichukua nikamshikie tochi chini ya bawa la ndege moja nyekundu ya viti vinne, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, mali ya mkulima wa maua wa Usa River aliyeirusha kwa mkono wake. Sikwenda kwa kupenda ufundi. Nilikwenda kwa sababu niliahidiwa: nikishapata kipaimara, mkulima yule angenirusha hadi Nkoaranga, nipite juu ya shamba la bibi yangu, tuliyemwita Koko, naye angetandika shuka jeupe juu ya kichanja cha kuanikia kahawa ili nimwone.

Kipaimara nikapata. Pilau ikaliwa, picha zikapigwa, na ndege haikuruka. Ilikuwa imenyeshewa masika nzima, na Baba alikuta maji kwenye tangi. Tangi za ndege ile hazikuwa za bati. Zilikuwa mifuko ya mpira iliyolazwa ndani ya mabawa, na mpira ukizeeka hujikunja. Maji yaliyopenya kwenye kifuniko kilichochoka yalijificha kwenye mikunjo, kama yanavyotuama kwenye turubali lililofungwa vibaya. Baba akabadilisha mpira wa kifuniko. Akatikisa mabawa, akangoja, akafungua vali ndogo ya chini ya bawa na kukinga petroli kidogo kwenye chupa ya jemu. Akaiinua: maji chini, petroli ya buluu juu, mstari katikati. "Bado," akasema. Jumamosi iliyofuata, bado. Iliyofuata tena, bado. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alinihubiria, nami nikamjibu moyoni kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Koko alikuwa ametandika shuka mara tatu na kulikunja mara tatu, na majirani walishaanza kumtania kwamba anawaanikia malaika. Nasema wazi, nilimchukia Baba. Mzee gani huyu anayeogopa kijiko cha maji?

Jumamosi ya nne mkulima alifika na miwani ya jua na funguo mkononi. "Fundi, hii ndege inaumwa kweli," akauliza, "au wewe umezoea kuuguza?" Baba, aliyekuwa juu ya ngazi akikaza kifuniko, aliniambia mimi nikinge. Nikakinga, nikaiinua chupa juu kabisa, kwenye anga la Kisongo lililokuwa halina hata wingu. Buluu tupu, hakuna mstari. Nikaigeuza, nikaitazama tena. Hakuna mstari. "Safi!" nikapiga kelele, na kabla sauti haijatulia nilikuwa nimeshapanda, nimefunga mkanda, namwona Koko na shuka lake. Mkulima naye alikuwa ameshika mlango wa upande wake.

Baba akashuka ngazi taratibu, kwa ule utaratibu wake wa kuudhi. Akaichukua chupa, na wala hakuitazama. Aliinusa.

"Shuka, mama," akaniambia.

"Baba, hamna mstari! Nimeangalia mara mbili!"

"Shuka. Lete kiganja."

Akanimiminia kidogo. "Petroli hukauka yenyewe, ikakuachia baridi," akasema. "Haya, ngoja."

Nikangoja. Mkulima naye akangoja. Kiganja changu kilibaki kimelowa. Wiki ile Baba alikuwa ameinyoosha mikunjo ya mwisho, na maji yote yaliyobaki yalishuka kwa pamoja. Chupa nzima ilikuwa maji, na maji matupu hayana mstari. Ubuluu niliouona ulikuwa wa anga. Mkulima alivua miwani, akaufunga mlango polepole, na hakuzungumza tena habari ya wagonjwa. Baba hakunichapa wala hakunigombeza, jambo lililonitia uchungu zaidi. Alisema tu, "Injini isingezimika hapa. Ingezimikia juu ya migomba ya bibi yako."

Niliruka mwezi wa saba, na mtu yeyote wa huku anajua mwezi wa saba Mlima Meru unavyojifunika. Juu ya Nkoaranga niliona mawingu, basi. Koko alisikia mngurumo, akalipungia shuka ukungu, na mpaka tunamzika aliapa kwamba aliniona nikimpungia. Sikumpungia. Nilikuwa nimekunja mikono kwa hasira, nimenuna, nawalaumu Baba na mlima pamoja.

Leo mimi ndiye fundi, na watu wanaonuna ni wengine. Ndege kuukuu bado zipo na mpira bado unazeeka. Zamani kulikuwa na chupa ya jemu na pua ya Baba. Siku hizi vijana wangu wana vikombe maalumu vya plastiki na simu zenye tochi, na wananitumia picha ya kikombe nikiwa hatua ishirini kutoka walipo. Picha! Picha ina harufu? Nimeandika ukutani kwamba kikombe kiwekwe mbele ya kitambaa cheupe, kisiinuliwe angani, na bado nawakuta wameinua shingo kama kuku anywaye maji. Juzi binti mmoja anayejifunza kazi alinijia mbio, abiria wakiwa wameshasimama na mabegi yao. "Mama, hamna mstari, nimeangalia mara mbili." Nikamwambia alete kiganja. Alishusha pumzi ile ile niliyokuwa nikimshushia Baba, nikaijua kabisa. Tukasimama, abiria wakitazama saa, sisi tukitazama mkono wake.

Ulikauka upesi. Nikamwambia akakinge bawa la pili.