Filamu Tuliyoisikia Ukutani

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Temeke, filamu haikuwa kitu cha kuangalia. Nasema kwa sie watoto wa kike. Filamu ilikuwa kitu cha kusikia, tena kupitia ukutani, sikio limebandikwa kwenye tofali mpaka shavu linatoka na chokaa. Juzi kwenye lile kundi letu la simu la watu wa mtaa, mmoja wenu karusha nyimbo za ile filamu ya vijana weusi wa Kimarekani, na chini yake mkaanza: "Mnamkumbuka yule mwali aliyerapu?" Mkacheka mpaka mkachoka. Yule mwali ni dada yangu, Zuhura. Mie sikucheka. Nilishinda na hasira siku nzima, nikaunguza wali, nikamfokea mtoto bure, ndipo nikaona bora niandike, maana mlichokikumbuka ni nusu tu.

Nyumba yetu mnaijua. Ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, wapangaji mbele, sie nyuma. Chumba cha mwisho kiliegemeana na banda la video la Braza Chande, yule kijana wa Kimakonde ambaye baba yake alikuwa mchonga vinyago. Ndiyo miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa: mitumba imejaa, raba mtoni, vile viatu vya kutoka ng'ambo, kila kona, na mwenye televisheni na deki ni bwana mkubwa. Chande alikuwa na kanda chache, na hiyo ya Wamarekani aliipiga kila siku alasiri, mpaka picha ikawa na michirizi kama mvua inanyesha ndani ya Amerika. Ndivyo walivyosema wavulana. Sie tusingejua. Banda halikuwa la wasichana, na msichana aliyeonekana pale mlangoni habari zilifika kwao kabla yake.

Lakini nyimbo hazikuwa na mlango. Tunarushiana mpira wa rede uani, jasho linatutoka, midomo myekundu kwa ubuyu, mara besi inaanza. Hujaisikia, umeihisi kwanza miguuni. Vikombe vya bibi vinagongana kabatini. Bibi anasonya, "Laana gani hii, muziki wa kufokafoka," huku mguu wake unapiga chini taratibu, na ukimwangalia anauficha ndani ya kanga. Baba naye alikuwa na swali lake moja kila siku: "Hawa wanaimba au wanagombana?" Kinyozi wa mbele alirekodi zile nyimbo kwenye kanda, na betri za redio yake zikiishiwa anazianika juani juu ya bati pamoja na dagaa wa mkewe. Na nyie wavulana, msijifiche: mlivaa kofia za sufu za kufunika masikio kwenye joto la Dar, mnatiririka kama mitungi inayovuja, eti mko Marekani. Mkamwamkia bibi "Yo!" Akawajibu, "Yo mwenyewe, shikamoo umeiuza?"

Zuhura alimaliza darasa la saba mwaka ule. Mara tu baada ya mtihani akawekwa ndani, kama walivyowekwa wasichana wa kwetu wakivunja ungo. Akawa mwali. Hatoki, haonwi na wanaume, hapazi sauti. Somo yake, Bi Mwanahawa, alikuja kumfunda, na aliyofundwa siyaandiki hapa, ni ya wanawake. Chumba alichowekwa ndicho kile cha mwisho.

Basi dada yangu, aliyefungiwa ndani ili asione dunia, ndiye aliyekaa karibu na ile filamu kuliko mtu yeyote Temeke. Kila alasiri aliisikia, mwanzo mpaka mwisho. Picha hakuona hata moja, lakini alijua kila wimbo unaingia wapi. Sie wadogo tulikuwa tunakaa chini ya dirisha lake, naye ananong'ona kutoka gizani:

"Sasa wanakimbizwa. Msikilize hiyo ngoma ndogo, ndiyo miguu yao."

"Wanakamatwa?"

"Subirini, wimbo haujaisha."

Binamu yetu Hamisi aliingia bandani akalala usingizi, akaja dirishani kumuuliza mwali filamu iliishaje. Zuhura akamwambia, "Iliisha kwa wewe kukoroma, nimekusikia." Tulicheka mpaka tukafukuzwa na ufagio. Hamisi akajitetea kwamba kiti kilikuwa laini. Banda zima lilikuwa na mabenchi ya mbao.

Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipobandikwa pale shuleni, mie ndiye niliyeyasoma. Nilikuwa darasa la tatu, naunganisha herufi kwa kidole. Zuhura binti wa baba yetu, wa kwanza kwa wasichana. Nilikimbia mpaka ndala ikakatika. Nikamwambia dirishani.

"Asha," akasema, "umeliona kwa macho yako?"

"Nimelishika."

Akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akanikataza kumwambia mtu. Akasema atamwambia baba mwenyewe, akipewa ruhusa ya kusema.

Kwa sababu kulikuwa na posa. Mtu wa Kurasini, anatoa mizigo bandarini, mtu mzima mwenye adabu zake. Na baba alishakubali. Sitaki mumhukumu baba haraka, hata mie na hasira zangu zote simhukumu haraka. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu alikuwa kwenye kundi la mwanzo. Alirudi nyumbani na mfuko wa nguo zake za kazi, akauning'iniza msumarini, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa kibarazani akijifanya anasubiri mtu. Ada ya sekondari aliisikia kama watu wanavyosikia habari za mafuriko ya nchi nyingine. Mume mwenye kazi bandarini, hilo alilielewa.

Mwali akatolewa Jumamosi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Mnajua ilivyo kwetu. Ngoma tangu asubuhi, pilau, akina mama na sare za kanga. Shangazi alimbeba Zuhura mabegani, kang'arishwa kwa liwa, macho chini, hakuna kufungua kinywa. Anazungushwa uani hivyo hivyo mpaka mkubwa wa upande wake amtie kitu mkononi. Hapo ngoma zinanyamazishwa, watu wanaacha hata kutafuna, ili wote wasikie mwali akisema neno moja: ahsante. Neno hilo ndilo linalomfungua kinywa. Kawaida kazi hiyo hufanywa na mjomba. Siku ile baba akasema ataifanya mwenyewe, kwa sababu watu wa Kurasini walikuwa wamekaa pale mkekani na alitaka waone kwamba, kazi hana, lakini baba bado ni baba.

Akamwekea hereni kiganjani. Akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

Na hakuna aliyekumbuka banda la Chande.

Kimya kilipotanda, besi ikapita ukutani. Ulikuwa ule wimbo wa mwisho, wa taratibu, ambao Zuhura alituambia ndipo wanamzika mwenzao. Akasema, "Ahsante baba." Ilitosha. Watu walishaanza kuvuta pumzi ya vigelegele. Lakini hakufunga kinywa. Alikuwa anausikiliza ule mdundo kama mtu anayeingoja kamba izunguke ndipo aruke, na ulipozunguka, akaingia:

"Ahsante baba kwa kanga, ahsante na kwa hereni,
Jina langu limetoka, limebandikwa shuleni,
Wenzangu ni Jumatatu, waingia darasani,
Nami nipeleke baba, usinirudishe ndani."

Nikasema moyoni, sasa wamesikia. Sasa lazima wajibu.

Mkajibu kweli. Vigelegele vilipanda mpaka kuku wakaruka. "Weee! Mwali gani huyu!" "Rudia mwanangu, rudia!" Mpiga ngoma mmoja akaudaka mdundo wa Kimarekani, akautia wa kwetu, ikalingana kana kwamba ilizaliwa nyumba moja, na uwanja mzima ukaanza kucheza. Zuhura akarudia. Mkamchomeka noti kwenye kilemba. Akarudia tena, sasa analia, na mama mmoja akasema kwa furaha, "Mwali wa kweli lazima alie!" Mwanamke mmoja wa Kurasini akamgeukia mwenzake: "Kaka yetu kapata mke mwenye sauti." Na nyie wavulana mlikuwa juu ya ukuta na kofia zenu za sufu, mnatikisa vichwa, mnafurahi kweli. Mashairi yalikuwa ya Kiswahili. Hayakuwa na neno hata moja gumu. Mlisikia mdundo tu.

Baba peke yake hakucheza. Alisimama na mkono wazi, kama vile hereni bado ziko pale, kisha akaingia ndani.

Jioni mama akamfuata. "Baba Zuhura, mtoto kasema."

"Nimemsikia."

"Sasa?"

"Neno langu nimeshalitoa kwa watu, wamekula, wameondoka. Mwenye kazi ndiye anayeweza kulirudisha neno lake, mama Zuhura. Mie nitalirudishaje?"

Jumatatu ikapita. Nilikwenda shule na fagio langu na kidumu cha maji, nikapita kwenye ubao wa yale majina, jina lilikuwa bado lipo. Aliolewa kabla ya Ramadhani. Shemeji si mtu mbaya, hilo nasema mbele ya yeyote. Lakini Zuhura hakukaa darasani tena.

Zamu yangu ilipofika, nilipofaulu, sikuwekwa ndani zaidi ya zile siku chache za heshima. Baba alikuwa amepata kibarua cha ulinzi. Akanipeleka mwenyewe mpaka geti la sekondari ya bweni, Kinondoni, akiwa amebeba godoro langu kichwani, mzee wa watu. Pale getini akalitua, akafuta jasho, akasema, "Safari hii sikungoja kuimbiwa." Nilitaka kumwambia maneno makali. Nikamwangalia shingo yake ilivyovimba mishipa, nikasema, "Ahsante baba." Elimu niliyo nayo, hata hii ya kuwaandikia nyie, nimeila kwenye sahani ya dada yangu.

Idd iliyopita Zuhura alikuja kwangu. Binti yangu Nasra alikuwa kochini, nyuzi za simu masikioni, kichwa kinatikisika.

"Shikamoo ya mama mkubwa iko wapi?" nikamuuliza.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Unasikiliza nini?"

"Ngoma kali, ya dada mmoja anarapu."

"Anasema nini?"

"Sijui. Mie nasikiaga biti tu."

Nikalipuka. Nikamwambia huyo anaimba Kiswahili, lugha uliyonyonya, na hujui anasema nini? Sie tulisikia Kizungu kupitia tofali na tulijua nani kafa! Nasra akanikodolea macho kama nimepandwa na shetani. Zuhura akacheka.

"Mwache, Asha. Nipe sikio moja, mwanangu." Akapachika uzi. Akasikiliza kidogo, akasema, "Rudisha mwanzo. Huyu mtoto ana jambo."

Enzi zetu mdundo ulikuwa wa mtaa mzima. Ukianza kwa Chande, kinyozi anasimamisha mkasi, bibi anasonya, sie tunaacha mpira, na usipokuwepo kesho yake utasimuliwa. Siku hizi kila mtoto anao wake, kaufungia masikioni, na jirani hajui kama anacheka au analia. Ule umoja nautamani, tena sana. Lakini siku ile ya Idd niliwaangalia, mmoja na uzi sikio la kulia, mwingine la kushoto, Zuhura kafumba macho, anayafuata maneno ya mtoto wa watu moja baada ya jingine mpaka wimbo ukaisha. Ningempa Zuhura msikilizaji mmoja wa namna hiyo siku ile uani, na vigelegele vyote mngebaki navyo wenyewe.