Mkanda Mweusi na Kitambi

Jamani, leo nimekosea mbele ya watu, na wote wakakosea pamoja nami kwa heshima.

Nimerudi karate Michenzani. Miaka kumi na miwili sijapiga hata teke, lakini mkanda mweusi nimeufunga. Kitambi kimeula, ncha zimebaki kama masikio ya paka.

Mwalimu sasa ni Salma, niliyemfundisha mimi. Akanipokea:
"Shikamoo mwalimu. Mkanda mweusi hukaa mbele, tuongoze."

Nikaongoza. Pa kugeuka kulia, nikageuka kushoto.
Darasa zima kushoto. Na Salma!

Baadae nikamnong'oneza, "Nlikosea."
"Tumeona, mwalimu. Ila mwanafunzi hamvui mkanda mwalimu wake."

Nyinyi mngeuvua?

Mimi nshauvua. Kesho nasimama nyuma, nione Salma anageukia wapi.