Majina Kutoka Ng'ambo ya Mto

Nilianza na ndege, nikashindwa. Ndege hana subira na mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikahamia kwenye mimea, kwa kuwa mmea unakaa palepale mpaka umalize kuutazama, na mimi wakati huo nilihitaji kitu kinachokaa.

Nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya shamba moja la chai upande wa Litein, miaka michache baada ya Uhuru. Kwetu ni Maragoli. Nilipewa chumba kimoja kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na wachuma chai waliokuja kwangu asubuhi na vidonda vyao, wakanisalimia vizuri sana, halafu jioni wakanipita kama hawanijui. Mchumba niliyemwacha nyumbani alichoka kungoja, akaolewa na mwalimu. Sikumlaumu. Lakini upweke ulinikaba hadi nikawa Jumamosi jioni napiga pasi makoti ya zahanati ambayo tayari yalikuwa yamenyooka.

Na kokote ulikotazama palikuwa na chai. Mlima chai, bonde chai, mpaka mlangoni pa choo. Mzungu mmoja alipofunga virago kurudi kwao, aliuza vitu vyake pale nje kwenye nyasi. Wenzangu walinunua masufuria na viti. Mimi nilinunua kitabu cha maua ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na mende, wakanicheka wiki nzima.

Kando ya mto shamba lilikuwa limeacha ukanda wa msitu usiokatwa. Huko ndiko nilikoshuka kila Jumapili baada ya kanisa, kabla mvua ya alasiri haijafika. Nilichuma tawi moja la mmea nisioujua, nikaenda kulikausha kati ya magazeti chini ya godoro. Nililalia misitu, ndivyo nilivyojitania, maana hakukuwa na mwingine wa kunitania. Kitabu kilinipa majina ya Kilatini, lakini hayo hayakunitosha. Nilitaka jina ambalo mama wa pale angelitumia akimtuma mtoto akachume.

Siku moja nilikamata kwa mkono mtupu mmea ulioniwasha hadi nikapiga yowe. Ng'ambo ya pili, ambako mashamba ya wenyeji yalianzia, mwanamke mzee aliyekuwa akichota maji alicheka mpaka akaweka mtungi chini.

"Wewe si ndiyo daktari ya kampuni?" akaniuliza. "Na hujui hii? Hii ni siwot. Hii nachoma mtu!"

Akavuka kwenye mawe, akanisugua kiganja kwa majani mengine, akanitajia na jina la hayo. Kiswahili chake alikipata akiuza maziwa kwenye laini zetu zamani. Nikamwita Kogo, yaani bibi, kama nilivyosikia Wakipsigis wakiita. Yeye akaniita weri, kijana, ingawa nilikuwa nimekwisha kuota upara.

Tangu hapo kila Jumapili nilivuka na tawi langu. Tulikaa nje ya nyumba yake, akanipa chai ya turungi, isiyo na maziwa, akalishika tawi, akalinusa, akanipa jina. Nikamsomea nilichoandika mpaka akaridhika na matamshi. Nikileta matawi mawili alikataa moja.

"Moja inatosha. Hiyo ingine utakuja nayo Jumapili."

Nilidhani ni mila yao. Sikuuliza, kwa kuwa ilinifaa. Niseme wazi: nyumba ile ndiyo pekee katika nchi ile ambako mtu alikuwa ananingoja, na niliogopa siku mimea ya mtoni itakapoisha. Sikuwa na sababu nyingine ya kwenda kwake. Mtu mzima, mgeni, wa kabila lingine, utasema umefuata nini kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake? Basi nikachuma polepole, kama mlevi anayebakiza tama la mwisho.

Mwaka wa pili tuliletewa muuguzi, msichana wa Kikipsigis kutoka upande wa Bomet. Nikamwonyesha sanduku langu la matawi makavu, kila moja na jina lake kwenye karatasi. Nilijivuna, sitakataa. Akasoma karatasi za kwanza huku akiitikia kwa kichwa: senetwet, ndiyo, tebeswet, ndiyo. Alipofika katikati akaanza kucheka.

"Dresa, nani alikuambia hii? Hizi ni ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Majina ya ng'ombe. Hii ni ile nyeupe. Hii ni yenye madoadoa. Hii nayo ni ile ilikuja na mahari ya msichana."

Karibu nusu ya sanduku ilikuwa ng'ombe. Damu ilinipanda kichwani. Nilimwona Kogo akilini mwangu akiwasimulia majirani jinsi dresa mwenye miwani anavyoandika ng'ombe kwenye majani, na wote wakishika mbavu. Mimi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kuisahau. Jumapili tatu sikuvuka. Nililala chali chumbani nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, na mwenyewe hakunikaribisha.

Jumapili ya nne nikabeba sanduku zima, nikaenda kugombana. Nikatoa kijitawi kimoja, nikamshikisha.

"Kogo, huu ni mti gani?"

Hakukinusa safari hii. Akataja jina lilelile nililoliandika.

"Hiyo ni ng'ombe," nikasema.

"Ee. Ni ng'ombe." Akakilaza gazetini taratibu. "Ilikuwa na maziwa mingi. Ugonjwa ya ndigana iliua yeye, na wengine wote, msimu moja tu ya mvua. Miti yenye mimi najua iliisha zamani, weri. Nikasema, huyu akijua imeisha, hatakuja tena."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Nikatazama boma lake, pana, la ng'ombe wengi, nyasi zimeota ndani mpaka magotini. Nyasi zile nilizijua. Nilizichuma mwenyewe, nikahesabu vikonyo vyake, nikaandika zimeota wapi, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini nyasi ziote ndani ya boma. Chai ya turungi nayo nilidhani ndivyo alivyoipenda. Nikaona aibu. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nachuma polepole kwa hofu hiyohiyo. Nikasema mvua inakuja, nikaondoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumapili nilitoka kanisani, nikashuka, nikapita katikati ya msitu bila kugusa hata jani, nikavuka kwenye mawe. Kogo alikuwa mlangoni. Akanitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Majani iko wapi?"

"Leo sina."

"Umesahau?"

"Sikusahau. Nimekuja tu, Kogo."

Akaingia ndani kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.