Mgomba Katika Kaburi la Ponsiano

Kaburi la Ponsiano liko Idete, nyuma ya nyumba ya baba yake mkubwa, lina msalaba wa mti na jina lake kwa rangi nyeupe. Ndani yake kuna mgomba. Ponsiano mwenyewe yuko gerezani Dodoma, anakula, analala, anakohoa, na kijiji kizima hakuna anayekasirika kusikia akiitwa marehemu isipokuwa mkewe, Tekla.

Tusifichane: Ponsiano aliua. Alimuua Vitus, jirani yake wa shamba, aliyekula naye sahani moja tangu utoto. Ugomvi ulikuwa wa mpaka. Vitus alisogeza tuta la jaruba lake la mpunga, Ponsiano akasema kilabuni mbele za watu kwamba ipo siku atamkata, na watu wakacheka, maana nani hajawahi kusema hivyo pombe ikiwa kichwani? Alfajiri iliyofuata akamvizia njiani na panga. Vitus hakufika hospitali. Lau angempiga palepale kwenye ugomvi, pengine jaji angeliita kosa hilo kwa jina jingine. Lakini mtu aliyelala na hasira yake, akaamka nayo, akainolea na panga, huyo hana pa kujitetea.

Kesi ilipigwa danadana weee, mpaka watu wakachoka kuhudhuria. Siku ya hukumu Tekla alikaa benchi la nyuma, akasikia kwamba mumewe atanyongwa hadi kufa. Akamwona akigeuka kumtafuta kwa macho, na askari wakamtoa kabla hajampata. Jambo hilo lilimuuma kuliko hukumu yenyewe.

Ukoo ulirudi Idete ukaangua kilio. Waliamini kamba iko tayari nyuma ya mlango wa mahakama, na kwamba mtu akinyongwa serikali hairudishi mwili. Mzee Amedeus, baba mkubwa, akasema mtoto wao hatakosa kaburi. Ukakatwa mgomba, ukavishwa shati la Ponsiano, ukashushwa shimoni. Padri aligoma kuja, wakazika wenyewe. Baadaye wakili akapiga simu: jamani, nchi hii haijamnyonga mtu miaka mingi, hukumu inasubiri saini na saini haiji. Haya sasa! Matanga yamekwisha, wali umeliwa, nani atawarudishia watu machozi yao? Mzee Amedeus akaona aibu kufukua mgomba, akauacha.

Tekla alibaki hapo katikati, mjane kwa kijiji na mke kwa gereza. Alilima, alivuna, alimsomesha binti yao Luciana. Anamtamani mumewe, isemwe wazi. Msimu wa kuamia ndege, akiwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, mtu akipiga mluzi jaruba la tatu kama alivyopiga Ponsiano, kichwa chake hugeuka chenyewe, kisha hujisonya. Akipita kwa Restituta, mjane wa Vitus, huona haya hata kulia. Kaburi analolilia Restituta lina mtu ndani yake.

Ndipo alipojitokeza Salvatory, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mgane, mtu mpole asiye na makuu. Alimtaka Tekla kwa adabu, kwa kumpitia Mzee Amedeus. Na mzee akafurahi, maana hakupenda kumwona mkwewe akizeeka mlangoni.

"Mume wangu yuko hai, baba," Tekla alisema. "Wa kuniachia ni yeye."

"Basi nenda kamuulize!" mzee akafoka. "Akisema olewa, utaolewa. Akisema ngoja, mimi mdomo wangu sitaufungua tena, na Salvatory atatafuta kwingine. Neno lake ndilo la mwisho."

Tekla akatwanga pepeta, ule mpunga mbichi wa kukaanga ambao Ponsiano angeweza kuuacha wali kwa ajili yake, akasafiri. Getini wakamwambia chakula cha nje hakiingii. Akaliacha furushi kwa askari, akaingia mikono mitupu.

Ponsiano aliletwa nyuma ya wavu. Mvi zilikuwa zimemwingia.

"Mama Luciana! Nasikia mlinizika."

"Walikuzika wao. Mimi nilikaa ndani."

"Huo mgomba mliuvika shati gani?"

"La bluu."

"Aa! Lile la bluu? Si wangechukua lililotoboka?"

Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka askari akawageukia. Kisha Ponsiano akasogeza pua kwenye wavu. "Unanukia pepeta wewe." Tekla akaviweka viganja vyake kwenye waya, na mumewe akavuta harufu, macho kafumba.

Alipoambiwa habari ya Salvatory, aliinama.

"Salvatory mtu mzuri," alisema. "Olewa, mama. Mimi Vitus hanitoki, nikilala namkuta palepale njiani, ananisalimia. Hiyo kazi ni yangu, usinisaidie. Wamenizika, usinifukue."

"Ponsiano..."

"Olewa. Umesikia? Uwaambie nimesema mimi."

Tekla alilia njia nzima mpaka Ifakara, bila kujificha, abiria wakampa pole wakidhani amefiwa. Maneno aliyoambiwa aliyarudia moyoni ili asipoteze hata moja.

Barazani aliwakuta Mzee Amedeus na Salvatory, aliyekuwa amevaa shati la kanisani siku ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umemkuta?"

"Nimemkuta. Mzima."

"Haya. Amesemaje?"

Tekla alimtazama Salvatory, akamwonea huruma kweli, maana mtu wa watu hakuwa amemkosea lolote. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Amesema nimngoje."