Bastola Iliyosuguliwa kama Dele

Gerishon alimchukia kafili wake kama mtu anavyokula ugali: kila siku, bila kuchoka, na bila kuuliza leo kuna mboga gani.

Msinione nakuza mambo. Kama na wewe ungekuwa umefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala la silaha la polisi kule Kenya, wakubwa wakikuita "fundi" kwa heshima, halafu ukajikuta Doha unapigiwa honi na mtoto wa bosi ili umfungulie geti, ungemchukia Bu Rashid, kafili aliyekudhamini kuingia nchini, vilevile. Gerishon alikuja mwaka 2007 kama mlinzi. Bu Rashid akamwona, akampenda kwa sababu hazungumzi sana, akamfanya dereva wake. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Sasa ilikuwa Desemba 2011, na pasipoti bado iko kabatini kwa tajiri, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chini ya mafaili ya magari.

Pasipoti peke yake isingemsumbua. Kilichomkaba koo ni khuruji, ile karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini. Bila saini ya kafili hupiti uwanja wa ndege, hata ukienda na tiketi ya daraja la kwanza. Kila alipoiomba, Bu Rashid alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Badeni, badeni." Baadaye. Baadaye ipi, Mungu wangu? Mtu anazeeka!

Safari hii haikuwa ya kungoja. Jumamosi ya tarehe kumi na saba ilikuwa ruracio ya binti yake, Cheryl, kule Kerugoya. Wazee wa upande wa mchumba wangekuja kuzungumza mahari, na baba mzazi ndiye hukaa kwenye kile kiti cha mbele, ndiye huulizwa na ndiye hujibu. Baba asipokuwepo, kiti hukaliwa na ndugu yake. Na ndugu yake ni Dedan. Dedan huyu huyu aliyesogeza mpaka wa shamba usiku mmoja wa mvua, kisha kwenye mazishi ya baba yao akasimama mbele ya kanisa zima na kusema Gerishon aliikimbia familia. Gerishon aliona heri kiti hicho kikaliwe na mbuzi.

Basi Jumapili, siku sita kabla ya ruracio, Bu Rashid akamwita.

"Wewe ulikuwa polisi wa bunduki," akasema, kwa Kiarabu kilichovunjika makusudi na Kiingereza kilichovunjika chenyewe. "Bu Ghanim anauza bastola yake ya Ubelgiji. Anasema haijaguswa tangu inunuliwe. Karatasi za serikali ziko sawa. Anataka riyali elfu ishirini. Uiangalie. Ukiniokoa na hasara, kesho nasaini khuruji yako. Ukiniingiza hasarani, utaosha magari mpaka meno yadondoke."

"Wallahi?" Gerishon akauliza.

"Wallahi."

Gerishon alikuwa Mkristo, lakini miaka minne ya Doha ilimfundisha uzito wa neno hilo. Siku ile aliendesha gari kama aliyepakia mayai.

Nyumba ya Bu Ghanim ilikuwa nyuma ya maduka ya Al Sadd. Mlangoni walipokewa na mzee Vuai, Mzanzibari wa Makunduchi, mwembamba, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa mtumishi wa majlisi ile, sebule ya wageni, kwa miaka ishirini na miwili, yeye na madele yake ya kahawa, ambayo kila Ijumaa aliyasugua kwa dawa ya shaba yakang'aa mpaka ukiyatazama unaona pua yako. Gerishon na Vuai walijuana, na hawakupendana hata kidogo. Kila Gerishon alipomleta tajiri wake, Vuai alimwekea kahawa nje, karibu na viatu.

"Leo mbara unaingia ndani?" Vuai akasema. "Dunia imekwisha."

"Nimeitwa, mzee. Sikujileta."

"Kanyaga zulia taratibu basi. Hilo si shamba la kahawa."

Ndani, Bu Ghanim alikuwa ameketi na kisanduku cha mbao mbele yake. Alikuwa mzee wa macho makali na ndevu nyeupe, na hakupenda kabisa kwamba mali yake inakaguliwa na dereva. Alimtazama Gerishon kuanzia soksi. Akamwambia Vuai atafsiri: bastola aliinunua mwenyewe Ubelgiji, ujanani mwake, na rangi yake ni ile ile ya kiwandani.

Gerishon hakugusa kahawa. Akiwa na silaha mkononi huwa hali wala hanywi, ndivyo alivyofundishwa. Akatoa magazini ya risasi kwanza, akavuta sehemu ya juu nyuma, akachungulia kwenye chemba, akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha hakuna risasi, kwa sababu jicho hudanganya ila kidole hakidanganyi. Hapo tu ndipo alipoanza kazi. Akasoma mhuri wa kiwanda. Akasoma nambari ya kwenye mwili, ya sehemu ya juu na ya mtutu. Zote tatu zilikuwa sawa, na hiyo ni nzuri. Akauelekeza mtutu kwenye dirisha: mistari ya ndani ilikuwa mikali, hakuna kutu. Nzuri pia. Ilikuwa bastola ya kweli, ya miaka ya sabini, iliyopigwa mara chache.

Lakini rangi! Loo, rangi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Weusi wenye ubluu, sawasawa kila mahali, haina hata mkwaruzo pale inapoingia kwenye ala. Chuma cha miaka arobaini hakiwi hivyo. Akaileta karibu na pua. Akapitisha ukucha juu ya maandishi: kingo za herufi zilikuwa zimelegea, zimelainika, kama sabuni iliyotumika. Na ndani ya miduara ya tarakimu 8 kulikuwa na unga mweupe, mkavu.

Ule unga aliujua. Alikuwa ameuona kwenye shingo za madele, sasa hivi, alipokuwa akiingia.

Akainua macho, akakutana na ya Vuai. Uso wa mzee ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Mzee," Gerishon akasema kwa Kiswahili, akitabasamu ili matajiri wasishtuke. "Umefanya nini?"

Vuai naye akatabasamu. "Nilitaka ipendeze," akasema. "Niliposikia inauzwa, nikaitoa nikaisugua kama ninavyosugua madele. Nikasugua, nikasugua, ikawa nyeupe kama kijiko! Nikapata wazimu. Nikenda duka la wawindaji nikanunua dawa ya kurudisha rangi, nikaipaka. Yeye hajui. Nisitiri, bwana."

"Umeiua. Ingekuwa na rangi yake, hata imechubuka, ni elfu ishirini kweli. Wanaokusanya vitu hivi hulipia ile rangi ya kwanza. Sasa ni elfu sita."

"Anasemaje?" Bu Ghanim akauliza.

Vuai akageuka, akainamisha kichwa kwa adabu na kumwaga Kiarabu kama maji. Gerishon hakuelewa yote. Lakini hesabu za Kiarabu na za Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na alichosikia si sita. Ilikuwa ishirini, peupe.

"Mzee, usinichezee! Nimesema sita."

"Na mimi nimesema ishirini, na nitasema ishirini mpaka kiyama! Ukimwambia, kesho mimi natiwa kwenye ndege."

"Utapelekwa kwenu?" Gerishon akasahau kutabasamu. "Kwenu, mzee? Bila kuomba? Mimi naomba miaka minne!"

"Kwetu wapi? Mke wangu amekufa, nyumba amekaa mpwa wangu na wanawe. Nimezeeka hapa. Nikirudi nitalala barazani kwa watu." Tabasamu lilikuwa bado limemganda usoni, machozi yameshajaa. "Nakuomba kwa mama yako aliyekuzaa. Kwani elfu za tajiri wako zinakuuma nini wewe? Humpendi!"

Hapo alimgonga penyewe. Ni kweli, hasara ya Bu Rashid ingemfurahisha Gerishon mwezi mzima. Na Gerishon alimwonea mzee huruma, nisiseme uongo, alimwonea. Lakini akamwona Dedan kwenye kiti, miguu ameipandisha moja juu ya nyingine, akiulizwa habari za Cheryl na kujibu. Huruma ikafika mlangoni ikarudi.

"Nisamehe," akasema.

Akaomba bisibisi kwa ishara. Akafungua ubao mmoja wa mpini, akauondoa, akaiweka bastola kwenye meza mbele ya matajiri wawili. Chini ya ubao, mahali kitambaa cha Vuai hakikufika, palikuwa na rangi ya kwanza: ya kina kirefu, tulivu, tofauti kabisa na ile ya nje. Akaweka kidole chini. "Gadimu," akasema, ya zamani. Akaweka kidole juu. "Jadidi," mpya. Hakuhitaji mkalimani.

Bu Ghanim aliangalia juu, akaangalia chini. Kisha akamgeukia Vuai akamwuliza neno moja, na Vuai, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumdanganya tajiri yake mpaka mwezi ule, akapiga magoti.

Sitasimulia matusi yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba bastola iliuzwa elfu sita, na kwamba Vuai aliambiwa akakusanye nguo zake.

Ndani ya gari Bu Rashid alicheka njia nzima. Alimpiga Gerishon begani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Jicho gani hili! Jicho gani!"

"Khuruji, bosi," Gerishon akasema. "Umeapa. Kesho."

Bu Rashid akaacha kucheka, akamtazama kwa mapenzi kabisa. "Khuruji? Sasa? Rafiki zangu watatu wanataka kununua bastola mwezi huu, mmoja yuko The Pearl. Nimeshawapigia simu. Nitakuachaje uondoke, fundi? Nitatoa kafara ya kiapo, nitalisha maskini kumi. Badeni."

Maskini kumi! Huo ndio uliokuwa uzito wa Wallahi ya Bu Rashid. Gerishon alishika usukani. Angeweza kulibamiza gari kwenye ukuta. Hakulibamiza, alikuwa na watoto.

Karatasi za Vuai zilikuwa tayari kwa siku tatu. Siku tatu tu! Kumbe ikitakiwa, saini hupatikana. Na kwa kuwa Bu Ghanim hakutaka kumwona tena machoni, Bu Rashid akajitolea kwa ukarimu: dereva wangu atampeleka.

Alhamisi asubuhi wakaenda uwanja wa ndege, wawili wale. Vuai alikumbatia begi lake mapajani. Walipofika, Gerishon akataka kumshushia begi, mzee akamnyang'anya.

"Usiniguse," akasema. "Umenifukuza kwangu."

"Mzee, mimi..."

"Wewe umepata nini? Niambie, mbara. Umepata nini?"

Gerishon akamfuata hadi ndani. Akasimama nyuma ya kioo akamtazama mzee akitoa ile karatasi yenye saini, askari akaigonga mhuri bila hata kuisoma. Vuai akapita.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mkewe, Millicent, na nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake wakiosha masufuria ya sherehe.

"Baba Cheryl, uko wapi? Nasikia matangazo ya ndege! Uko airport?"

"Niko airport," Gerishon akasema.

Millicent akapiga kigelegele, na wale wanawake wakakipokea. Gerishon akangoja wamalize. Walichukua muda mrefu.

"Mama Cheryl," akasema, "mwambie Dedan achukue kile kiti."