Kigari Tulichokikodi kwa Idi

Alasiri ya Idi pili mama yangu alitutoroka. Alitutoroka Nizwa, katikati ya uwanja wa pembea, akiwa amekaa juu ya kigari cha umeme cha magurudumu matatu tulichokikodi Ibra, na mpaka jua lilipoanza kushuka nyuma ya mlima hatukujua yuko wapi. Alikuwa mtu mzima aliyevunjika nyonga. Kwa miaka kadhaa kabla ya siku ile hakuwahi kuufikia hata mlango wa nje bila ya kushikwa mkono.

Tulikuwa tumerejea Oman kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba, mama, kaka yangu na mimi. Tulifikia Nizwa kwa jamaa wa upande wa baba, katika nyumba ya udongo iliyopakana na mashamba ya mitende. Mwaka haukwisha baba akafariki. Alizikwa huko huko. Baada ya eda ya mama kwisha tukahamia Ibra, kaka alipopata kazi ya serikali, na mimi nikaja nikasomesha skuli ya wasichana.

Mama hakuliona kaburi la baba. Unguja mtaani kwetu wanawake nao hawakufuata jeneza, lakini siku nyingine, mambo yakishatulia, aliyetaka alikwenda zake kusoma Yasini na hakuna aliyemuuliza. Nizwa haikuwa hivyo. Nilimsikia mara moja tu akimwambia kaka, "Nipeleke nimuone baba yako." Kaka akamjibu kwa upole, "Mama, mimi nakwenda kila nikipita Nizwa, namsomea na kwa niaba yako. Wanawake hawendi kule, na unajua." Mama akasema, "Najua." Mazungumzo yakaishia hapo. Halafu akaanguka kwenye ngazi, nyonga ikavunjika, na baada ya hapo kila alikotaka kwenda ilimbidi kwanza amwambie mtu, na amwambie na sababu.

Kiti cha kusukumwa tulikuwa nacho. Tabu ya kiti kile, mama alivyosema mwenyewe, ni kwamba anayekwenda ni yule wa nyuma.

Basi miaka ya themanini, Ramadhani ikikaribia kwisha, ikaja habari kwamba Idi ile Nizwa kutakuwa na malahi. Ndivyo watu walivyouita uwanja wa pembea uliokuwa ukija na malori: gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, taa za rangi. Mama akasema anataka kwenda kuangalia. Kaka akacheka, "Mama, upande farasi wa mbao?" Mama akajibu, "Hata akiwa punda wa mbao." Nilifahamu kwamba kinachomvuta ni Nizwa wala si pembea. Nadhani kaka naye alifahamu.

Kigari chenyewe kilikuwa mtaani kwetu. Jirani mmoja mfanyabiashara, mzaliwa wa Bujumbura, alimpeleka baba yake kutibiwa Ulaya akarudi naye pamoja na kigari hicho. Mzee alikipanda msimu mmoja tu, akafa. Toka hapo kilikaa chini ya turubai, na mwenyewe alikuwa akikitia umeme kila wiki kama mtu anayelisha ng'ombe. Mama akaniambia nimpeleke kwa jirani huyo.

"Shikamoo, mama," jirani akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo, tunashukuru Mungu."

"Nimekuja kwa lile gari la marehemu baba yako. Nataka kwenda nalo Nizwa kwa Idi."

"Ah, mama! Chukua tu. Mzee mwenyewe angefurahi."

"Sichukui. Nakodi."

Jirani akanitazama mimi kana kwamba mama amepatwa na homa. "Mama, unanitia aibu. Watu watasema namkodisha mgonjwa kitu cha marehemu!"

"Usiwaambie watu."

"Lakini kwa nini? Sisi si jirani?"

"Ndiyo maana nakodi," mama akasema. "Kitu cha kuazima hakiachani na mwenyewe. Kila nikikaa juu yake na wewe umekaa. Nikirudi utaniuliza nimekipeleka wapi, na itanibidi nikujibu, kwa sababu ni chako. Nikikikodi, mpaka siku ya kukirudisha ni changu."

"Sitakuuliza kitu, mama. Kwani utakipeleka wapi?"

Mama akanigeukia mimi. "Umeona? Hata mlangoni hakijatoka."

Jirani akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema basi, atoe chochote anachopenda. Mama hakukubali. Alisoma chuo cha Kurani utotoni na mambo haya alikuwa nayo kichwani. Ijara isiyotajwa thamani haisihi, akasema, taja wewe. Jirani akataja kitu kidogo cha kuchekesha. Mama akapandisha. Jirani akashusha. Nimeshuhudia watu wengi wakivutana juu ya bei katika soko la Ibra, lakini ile ndiyo mara pekee niliyoona mwenye mali akivuta chini na anayekodi akivuta juu. Walipokubaliana jirani akaweka sharti moja: kigari kisiingie maji, betri itakufa.

Kaka alipokiona uani kwetu alishika kichwa. "Mama, mwanamke mzima juu ya hiki, katikati ya Nizwa, watu watasema nini?"

"Watasema mwanamke mzima yuko juu ya hiki."

"Na leseni?"

"Leseni ya nini? Kinakwenda kama bata aliyeshiba."

Hakikwenda kama bata. Kilikuwa na kibonyezo upande wa kulia cha kwenda mbele na cha kushoto cha kurudi nyuma, na mama alikuwa akisema Bismillahi kwa sauti na kubonyeza vyote viwili. Siku ya kwanza alivunja mtungi wa maji. Siku ya pili aliukwangua mlango wa jiko. Mwisho wa Ramadhani alikuwa akizunguka mkunazi wetu wa uani bila ya kuugusa, mgongo umenyooka, mtandio umebanwa chini ya kidevu usipeperuke. Mimi nilikaa kizingitini nikimtazama. Alipofika mwisho wa ua aligeuza mwenyewe. Hakuniita.

Idi mosi, baada ya chakula, tulikifunga kigari kwa kamba nyuma ya pikapu ya kaka tukashika njia ya Bidbid hadi Nizwa. Tulifikia kwa binti wa mjomba wake mama, tuliyekuwa tukimwita mama mdogo, anayeishi karibu na ile nyumba yetu ya mwanzo. Usiku ule wakubwa wawili wale walikaa wakazungumza Unguja, nani alikuwa nani, na nani alimuoa nani. Kigari kilikuwa pembeni, waya wake umechomekwa ukutani.

Alasiri ya Idi pili tukaenda uwanjani. Ulikuwa uwanja wa kokoto nje ya mji, umejaa vumbi, watoto waliovaa nguo mpya, na harufu ya mishkaki. Mama aliendesha mbele, kaka na mimi ubavuni. Watu walitupisha. Watoto walitufuata kundi zima, na mmoja akamuuliza mama kama kile ni cha kulipia au bure. "Cha kulipia," mama akasema, "na nimeshalipa."

Kisa kilitokea penye vigari vya kugongana. Mama alisimama pembeni ya uzio kuangalia. Mhindi mmoja mkatisha tiketi, kijana aliyekuwa na shughuli nyingi kupita kiasi, akageuka, akamuona bibi mwenye buibui amekaa juu ya kigari chekundu nje ya uzio, akapiga ukelele. Aliruka uzio akashika usukani.

"Hajja! Hiki rudisha ndani! Nje hapana ruhusa!"

"Mwachie!" kaka akasema. "Si chako hicho."

"Changu! Rangi yangu! Nani ametoa?"

"Ametoa nani nini? Hiki kimetoka Ibra."

"Ibra?" Mhindi akamtazama kaka kwa huzuni. "Vigari vyangu vimefika mpaka Ibra?"

Watu walikusanyika. Wengine walisema ni cha uwanja, wengine walisema hapana, tazama kina kikapu mbele. Msimamizi akaitwa. Kaka, ambaye ana sauti, aliitumia. Alimtaka Mhindi aje ahesabu vigari vyake kimoja kimoja, na Mhindi akaingia ndani ya uzio kweli akaanza kuhesabu, huku vikimgonga. Mimi nilicheka kama wengine. Mkatisha tiketi alipomaliza akatoka akisema kwa haya, "Vyote vipo," na sote tukageuka kumwambia mama. Mama hakuwapo.

Kaka alichukua pikapu akaenda upande wa barabara. Mimi nilikwenda kwa miguu nikiuliza. Muuza haluwa alimuona akipita. Alimsalimia vizuri, akasema, na hakununua kitu. Mzee aliyekaa kwenye baraza alisema alimuona bibi anapita juu ya gari lisilo na punda, akadhani ni macho yake. Nje ya uwanja nilikutana na watoto wa lile kundi wanarudi, mikono yao imejaa peremende. Wakanambia bibi amewagawia, akawaambia waliopewa warudi wakacheze. Ameshika njia ya mashambani, wakasema, inayofuata falaji.

Njia ile naijua. Kushoto kuna kuta za mashamba, kulia mfereji wa falaji, na mbele, mashamba yanapokwisha, kuna makaburi. Pahala pamoja maji yalikuwa yamefurika njiani, na ndani ya tope nikaona alama za magurudumu, moja mbele na mbili nyuma, zinakwenda. Zinazorudi hazikuwapo. Nilivua viatu nikavuka.

Sikufika mbali. Nilimuona anakuja taratibu, jua liko mgongoni kwake. Upindo wa buibui lake ulikuwa umerowa na magurudumu yamejaa tope. Uso wake ulikuwa kama siku zote, na sikuona alama ya kilio.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nimetoka kutembea."

Nilitembea pembeni yake mpaka barabarani, ambako kaka alisimamisha pikapu akashuka mbio. "Mama! Tumekutafuta Nizwa nzima!"

"Basi mmenipata," mama akasema, na akamuuliza kama yule Mhindi ameshapata hesabu yake.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, kaka alikwenda kwenye kaburi la baba kama ilivyo ada yake. Aliporudi nilikuwa nje nafunga kigari nyuma ya pikapu. Akanisaidia kamba, halafu akasema, "Alifika."

"Umejuaje?"

"Alama zimo ndani ya makaburi. Amepita pembeni, hakukanyaga mtu. Lakini amesimama siko."

"Siko vipi?"

"Baba yuko upande wa mlima. Alama zimekwenda mpaka upande wa ukuta wa mashamba, zikasimama penye kaburi jingine kabisa. Amekaa hapo muda, ardhi imebonyea." Alikaza fundo. "Amemsomea mtu mwengine."

Makaburi yale hayana maandishi. Ni mawe yaliyosimamishwa, jiwe kama jiwe, na asiyeonyeshwa hana njia ya kujua.

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini?" kaka akasema.

Ibra jirani alikipokea kigari, akayatazama magurudumu. "Mama, kimeingia maji hiki?"

"Umande," mama akasema.

"Umande wa tope?"

Mama hakumjibu, na jirani akakumbuka makubaliano yao, akacheka, akakirudisha chini ya turubai.

Mwaka uliofuata, kabla ya Idi, alikuja mwenyewe. Alisema kigari kipo, betri nzima, na safari hii yuko tayari kukodisha bila ya ugomvi. Kaka alikuwapo. Mama alimshukuru. "Sina haja nacho tena, mwanangu," akasema. "Niliyemkusudia nimeshamsalimia." Kaka aliinua macho akanitazama, akayateremsha.

Hatukumwambia. Alifariki kabla ya muongo ule kwisha, Ibra, akiwa ameridhika na jambo lile.

Katika matanga yake ndipo mama mdogo aliponieleza ambalo sikulijua. Siku aliyozikwa baba, yeye na mama walipanda juu ya dari ya ile nyumba ya udongo, na kutoka kule waliwaona wanaume wanavyokwenda na jeneza na wapi walisimama. Walikuwa wadogo kama sisimizi, akasema, lakini walionekana. Mama alipawekea alama kwa pembe ya ukuta wa mashamba, akaishika kichwani.

Nilimpelekea kaka maneno hayo. Akasema siku ya maziko alikuwa bado kijana, analia, watu wamejaa, na kabla udongo haujamalizika kutiwa alitumwa maji. Alirudi wiki ya pili peke yake. Tangu hapo amekuwa akifuata mkunazi uliokuwa karibu, na mikunazi kule sasa ni mingi.

Waliochimba kaburi wameshakufa. Kaka bado anasimama upande wa mlima. Mimi nimelipiga picha kaburi la upande wa ukuta, kwa mbali, kutoka njiani. Baba yuko kwenye moja la hayo mawili, au hayumo katika lolote.