Mbayuwayu wa Mkiani

Mimi ni mchora mabango wa Makambako, na misalaba ya makaburi huniletea riziki pia. Majuzi rubani kijana, Onesmo, aliniita Njombe nichore nembo kwenye kindege cha mashindano alichojiundia mwenyewe. Aliitaka ile ya kindege cha babu yake marehemu, ambaye naye aliitwa Onesmo.

"Bati la mkia ndilo limesimikwa kaburini kwake," alisema. "Nakili lilivyo."

Makaburini ukungu ulikuwa mzito. Nilinakili mbayuwayu, duara na jina, nikihisi mtu amesimama nyuma yangu akinikagua. Niligeuka mara kadhaa, hapakuwa na mtu. Kwa woga nikanakili kila alama bila kufikiri, kisha nikajisifu kwa umakini.

Siku ya kubariki kindege, Onesmo aliketi ndani, kofia kichwani. Nilivuta turubai kwa mbwembwe. Padre akashusha maji ya baraka. Mama yake akagusa msalaba mdogo mbele ya jina, ule tunaowawekea marehemu.

"Fundi," aliniuliza taratibu, "mwanangu amekufa lini?"